Mchoro wangu umekutwa kwenye mafulana Unguja, nianzie wapi?

Fundi Rangi: Wakuu naombeni msaada. Nachora picha za mtindo wa tingatinga mwaka wa tisa huu, ndo kazi inayolisha wanangu. Juzi mdogo wangu kanitumia picha kutoka Mji Mkongwe, mafulana yametundikwa dukani yana tembo na chui wangu walewale, hadi yule ndege wa pembeni ambaye kiukweli lilikuwa tawi nikalikosea nikaligeuza ndege, yupo! Ila kona ya chini nilipoandika jina wamekata. Mchoro wenyewe nilimuuzia mtalii mwaka juzi, basi. Nimeumia sana jamani. Nadai, au ndo imetoka hiyo?

Mama Sheria: Pole sana kaka. Haki unayo tangu siku uliyomaliza kuchora, sheria ya hakimiliki ya 1999 haikulazimishi usajili kwanza, na kuuza mchoro sio kuuza hakimiliki, yule mtalii kanunua kitu cha kutundika ukutani tu. Ila mtindo wa tingatinga hauna mwenyewe, yeyote anachora tembo wa madoa, hata kazi za mzee Edward Tingatinga mwenyewe, mwanzilishi wa mtindo aliyefariki 1972, ile miaka 50 baada ya kifo ambayo sheria inalinda kazi ishapita. Wewe unadai mchoro wako ule, na huyo ndege ndo shahidi wako.

Mpemba wa Darajani: Angalia hapo, Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya 2003 na ofisi yake ni COSOZA, ukikomaa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya bara, peke yake utazungushwa bure. Mdogo wako anunue fulana moja leo na adai risiti, wakisikia tu fununu wanazitoa zote.

Dada Batiki: Mimi yalinikuta kwenye batiki, mwenye duka anasema kaletewa na wa jumla, wa jumla anasema mzigo umekuja na mtu hamjui, nikamaliza akiba kwa nauli na wakili na watu wanaendelea kuuza. Kilichoniponza sikuwa na hata picha moja ya siku naitengeneza kazi yangu. Sasa hivi kila hatua napiga na simu, mikono ikiwa na rangi hivyohivyo. Wewe huna?

Fundi Rangi: Dada ubarikiwe, nimepekua simu ya zamani nimekuta tatu, moja tawi bado ni tawi. Dogo nimemtumia hela, anaenda dukani saa hizi.