Tawi la tumbawe limevunjika, lirudishwe mwambani?

Mtanga_Mbizi: Wakuu, naomba msaada. Mimi ni wa Tanga, naishi Key Largo, Florida. Jumamosi nimezamia nikakuta tawi la Acropora palmata, aina ya tumbawe, bapa kama kiganja, limelala mchangani. Juu lina rangi ya chai ya maziwa, chini jeupe pee. Limekufa?

Bi_Mwani: Halijafa lote, mwanangu. Ile rangi ya chai ni mwani mdogo mno unaoishi ndani ya nyama yake na kuilisha. Kwenye weupe nyama imeshatoka, umebaki mfupa. Tawi likiangukia jiwe gumu hujishika na kuota tena. Mchangani linazikwa.

Ila usilibebe. Tangu 2006 linalindwa kwa sheria ya Marekani. Piga picha, andika mahali, wape wahifadhi wa pale.

Kinachoniuma ni hiki: matawi yaliyoota kwa kuvunjika ni pacha wa mama mmoja. Agosti, siku chache baada ya mwezi mpevu, hutoa mayai na mbegu usiku, lakini ya pacha hayatungishani vizuri. Lazima wawepo jirani wa ukoo mwingine, na hao wamekwisha. Ugonjwa wa mkanda mweupe ulianza kuwafyeka miaka ya 1970, kisha joto la 2023 likaua karibu wote waliosalia hapo kwenye visiwa vya Florida Keys.

Mtanga_Mbizi: Ahsante sana Bi. Nimeshawatumia picha. Nyumbani nilikua nasikia baruti za wavuvi zikivunja miamba, ndiyo maana kulipita tawi lile nilishindwa.