Naomba ushauri: nanyimwa likizo na nimechoka hadi nasahau mlango wa ndege

MtotoWaPongwe: Habari za usiku wakuu. Mimi ni mhudumu wa ndege, nipo Manchester mwaka wa tatu. Mwaka huu sijapata hata wiki moja ya likizo, nikiuliza naambiwa rosta imejaa, mwezi uliopita nimepiga saa 168. Juzi tumeshafunga mlango ndege inasogea nikajikuta sikumbuki kama ile slaidi ya dharura, mtelezo wa kushushia abiria mlangoni, nimeitega au la, ikabidi niinuke nikaangalie. Ilikuwa sawa ila mikono ilitetemeka mpaka tunatua. Sheria inawaruhusu?

BabaZuu: Pole dada. Mimi nimeendesha basi Dar-Mwanza miaka 9, usingizi wa barabarani haubembelezwi, kuna siku nilimkuta ng'ombe mbele nikadhani naota. Rudi nyumbani.

Kandokando: Hairuhusu. Ulaya walipitisha Direktivu 2000/79 mwaka 2000, yaani agizo la saa za kazi za watu wa ndegeni, kila nchi iiingize kwenye sheria zake mwisho Desemba 2003. Uingereza kanuni zao zilianza Aprili 2004 na walivyojitoa Ulaya hawakuzifuta. Likizo ya malipo wiki 4, saa za kazi 2,000 kwa mwaka, za kuruka 900, siku huru 96 na kila mwezi zisipungue 7. Wamekukatalia kwa maandishi?

MtotoWaPongwe: Maandishi hapana, nimeuliza kwa mdomo.

MamaChanika: Mdogo wangu, hizo wiki 4 ziko wapi? Sema ukweli usaidiwe.

MtotoWaPongwe: Nilisaini kuziuza zote. Hela nimeshanunua bati za nyumba ya mama, asingeweza kukaa masika nyingine chini ya yale makuti. Sikulazimishwa, na ukienda likizo wanakulipa basic tupu posho za kuruka zinakatika, sasa bora nini? Nimeshaamua nimalizie mwaka hivihivi.

Mzee_Kijiwe: Hela hizi zitawamaliza vijana.

Jicho_Kali: Chai hii. Kwanza kanyimwa, sasa kauza. Na saa za kuruka mwisho 100 kwa siku 28, hizo 168 katoa wapi? Weka picha ya rosta.

MtotoWaPongwe: Sio chai kaka. 168 ni kazi yote tangu naripoti. Za kuruka zinaanza ndege ikitoka kwenye maegesho mpaka isimame, zilikuwa 81. Kupakia mabegi ya watu na kufagia kabini katikati ya safari hakumo humo. Rosta siweki, ina majina ya wenzangu.

Kandokando: Hapo kaeleza mtu anayeijua kazi. Dada, wiki 4 za sheria haziuzwi mpaka siku unaacha kazi, sahihi yako haibadilishi kitu. Kama mkataba unazidisha, zile za juu ndio mnaweza kuongea. Na basic tupu ilishakataliwa, mahakama ya Ulaya iliyoko Luxembourg 2011 kwenye kesi ya marubani wa British Airways ilisema malipo yanayofungamana na kuruka yaingie kwenye hela ya likizo. Andika barua utaje tarehe unazotaka, wape chama cha wafanyakazi nakala, usikae maana muda wa kulalamika ni mfupi.

MtotoWaPongwe: Hiyo kesi sikuijua. Na hela nilizokula?

Kandokando: Hiyo ni mada nyingine watakuja nayo wenyewe. Tarehe kwanza.

MamaChanika: Na ule mlango uliripoti?

MtotoWaPongwe: Bado dada. Niliogopa.