Tupeane uzoefu: paka shume wa mtaani kwenu mnawasaidiaje?

Binti wa Mkomani
Asalaam alaykum jamaa. Niko Lamu, mtaa wa Mkomani. Huku kwetu gari hazipiti, wenye mji ni punda na nyau. Mwaka wa 3 huu nawawekea makombo ya samaki chini ya daka la mlangoni kila baada ya alasiri. Walianza 3, juzi nimehesabu 14! Jirani asema nimefungua hoteli, na mikojo mlangoni kwake yanuka mpaka ndani. Simlaumu. Nyinyi wenzangu mnafanyaje? Nataka yaliyowakuta wenyewe, si maneno ya kusikia.

Mwana Langoni
Dada, mimi pia nililisha tu miaka, sikujua kwamba naongeza midomo. Nyau jike mimba yake ni siku 63 hivi, na akifika miezi 4 au 5 ashaweza kushika. Tena hushika nyingine huku bado anyonyesha.

Kulikuwa na mmoja twamwita Bi Mkia, hakamatiki. Tulijaribu gunia, nikachanwa hadi kiwikoni. Ami yangu akaja na dema bovu (mtego wa samaki) lililostaafu bahari, akatia kichwa cha samaki tafi ndani, sisi tukakaa barazani twapiga soga kama hatuna habari. Aliyeingia kwanza ni shume, dume wa nyumba ya pili. Tukamtoa. Kesho yake, yeye tena! Siku ya 3 ndipo Bi Mkia akaingia. Tukalifunika dema kwa kanga, giza likamtuliza, usiku ule hatukumpa chakula kwa sababu ya dawa ya usingizi, asubuhi kwa daktari wa mifugo. Alifungwa kizazi, akachanjwa kichaa cha mbwa, akakatwa ncha ya sikio akiwa bado usingizini. Hiyo ndiyo alama, asije akapasuliwa tena bure. Tukamrudisha pale pale alipozoea.

Mama wa Barani
Mie wa Malindi nitasema kosa langu. Nilikuta vitoto 4 nyuma ya vibanda vya samaki, macho hayajafunguka, nikavibeba nikaona nimefanya thawabu. Nikavipa maziwa ya ng'ombe. Vikaharisha, 2 vikafa kabla ya alfajiri. Kumbe mama yao huenda alikwenda kutafuta riziki tu, ningekaa mbali nikamngoja. Hao wengine daktari alinipa maziwa ya paka, akanifundisha: joto kwanza (chupa ya maji moto ukiiviringa leso), kitoto kilale kifudifudi kinyonyapo, wala usikilaze chali kama mtoto wa mtu, maziwa yataingia mapafuni. Na kila baada ya kunyonya ukisugue chini kwa pamba yenye majimaji, ndipo kikojoe. Usiku mzima! Wanangu hawakunisumbua hivyo.

Kaka Shela
Nyongeza fupi. Ukiumwa au ukichanwa, osha kwa sabuni na maji yatiririkayo dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa si cha mbwa peke yake. Na msimpe paka panadol, hata kipande. Inaua.

Mama wa Barani
Mwana Langoni, huyo shume mlimtoa kwa nini? Alikuja kwa miguu yake! Dume akihasiwa hupunguza kule kurusha mikojo kwenye milango ya watu, na kupigana usiku. Jirani ya Binti angelala.

Mwana Langoni
Shangazi, umenikamata. Pesa zilikuwa za mmoja tu, na sisi tulidhani kosa ni la majike.

Binti wa Mkomani
Haya, nimeongea na jirani. Kasema yuko tayari kuchangia, sharti tuanze na shume mmoja mweupe anayemchafulia mlango, na mimi chakula niwekee uani kwangu, nisiweke njiani. Mwana Langoni, hilo dema bado liko? Niazime.

Mwana Langoni
Liko, dada. Ila siku hizi yule shume analala humo.

Binti wa Mkomani
Basi mlete naye.