Nyumba ya bibi Kiponda imeporomoka upande mmoja: tubomoe yote au tuitengeneze?

Mjukuu_wa_Kiponda

Assalam alaikum wadau. Naomba ushauri kabla hatujagombana kwetu tukafika pahala hatuzikani.

Tuna nyumba Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ghorofa mbili juu ya ile ya chini. Aliinunua babu, bibi akaishi humo mpaka mauti yalipomkuta. Sasa tumebaki watoto na wajukuu, kwa hesabu yangu warithi kumi na mmoja. Masika iliyopita ukuta wa nyuma, unaoangalia uani, ulishuka usiku. Alhamdulillahi mpangaji wa chumba kile alikuwa zamu ya kazi. Kilichosimama ni mbele nzima, ngazi, mlango wa kuchonga na vyumba vya kushoto. Juu mabati yananing'inia.

Kaka yangu yuko Muscat na kampata mtu mwenye pesa. Anataka tubomoe yote, tusimamishe ghorofa nne za zege: chini maduka, juu vyumba vya wageni, juu kabisa mkahawa wa kutazama bahari. Mtu wake atagharamia, tugawane mapato miaka kumi na tano. Kila nikitaja Mamlaka ya Mji Mkongwe, wanaotoa vibali vya ujenzi, ananijibu, "Nyumba imeanguka yenyewe, watakataa nini? Sisi tunasafisha kifusi tu." Mchoro ushachorwa, kanitumia kwenye simu. Mbele ni vioo vitupu.

Mama hataki mlango uguswe. Mimi niko katikati kama nyama ya sambusa.

Nauliza mawili. Ukuta ukishaanguka, ruhusa ya kubomoa kilichobaki inapatikana kweli? Na tukijenga upya, lazima iwe mawe na boriti kama zamani au zege inakubaliwa?

Kahawa_Chungu

Mkahawa wa kutazama bahari! Ghorofa ya nne hapo Kiponda bahari mtaiona, sawa, na ua wa kila jirani mtauona pia, na wanawake wa watu wakianika nguo. Wazee walijenga madirisha ya juu kwa kupishana ili watu wasichunguliane. Kabla ya Mamlaka, nendeni mkawaulize majirani wana maoni gani kuhusu wageni wenye kamera juu ya vichwa vyao.

Mchora_Ramani

Nimeshatayarisha maombi kadhaa ya nyumba za mji huo, kwa hiyo nisikilize.

Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ipo tangu 1985, na sheria inayofanya kazi nayo sasa ni ya 2010. Ndani ya mpaka wake, kubomoa ni jambo la kuombewa kibali kama vile kujenga, kuongeza ghorofa, kupanua dirisha, hata kutundika kibao cha duka. Kaka anadhani nyumba ikianguka inageuka kiwanja. Haigeuki. Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Forodhani, ilipoporomoka upande wa mbele tarehe 25 Desemba 2020, tena ikiwa katikati ya ukarabati, umesikia nani akisema basi tusafishe tuweke vioo?

Cha kwanza ulizeni nyumba yenu imewekwa kundi gani. Ule mpango wa hifadhi wa 1994, uliotengenezwa pamoja na mfuko wa Aga Khan, ulipita nyumba kwa nyumba na kuyapa daraja majengo yenye thamani kubwa. Ikiwa yenu ina daraja, habari ya kubomoa sahauni. Ikiwa haina, bado si uwanja wa kuchezea, maana Mji Mkongwe uliingizwa Urithi wa Dunia mwaka 2000 kwa sababu ya mtaa mzima, vichochoro na baraza zake, si kwa majumba matatu makubwa ya Forodhani.

Mimi maombi ya kubomoa na mchoro wa kitakachojengwa huvipeleka pamoja siku zote. Anayekagua akiona ombi la kubomoa peke yake, anajua mbele yake kuna shimo lisilo na jibu. Na mchoro wako wa vioo nakwambia mapema: utarudi. Wanaangalia urefu ukilinganisha na nyumba za pembeni, ukuta wa mbele kama umebaki kwenye mstari wake wa njia, madirisha kama ni marefu na membamba kama ya jirani au ni tundu pana, paa lina umbo gani, ua umebaki au umejazwa vyumba. Ghorofa nne kwenye safu ya nyumba za tatu ni kuomba ugomvi.

Zege sikatai kabisa, lakini hilo namwachia fundi.

Fundi_Chokaa

Nimeitwa. Kabla ya zege niambie ukuta ulianguka kwa nini. Nje ulipigwa lipu ya saruji? Kuna choo au bafu ghorofa ya juu upande huo? Tangi la maji liko wapi?

Mjukuu_wa_Kiponda

Fundi umeingia kwetu nini? Lipu ya saruji ipo, baba alipiga nyuma yote tukiwa wadogo. Bafu la juu liliongezwa bibi aliposhindwa kushuka ngazi. Tangi lilikuwa juu ya bafu hilo hilo, la lita 1000.

Fundi_Chokaa

Basi ukuta haukuanguka wenyewe, mwambie kaka. Mliusukuma, bila kukusudia.

Kuta zile ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, unene nusu mita na kupita. Ukuta wa namna hiyo unanyonya maji na unayatoa, ndiyo maisha yake. Ukiufunga kwa saruji, maji yanaingia kwa juu na kwa ufa, kutoka hayawezi. Chumvi inakula chokaa ndani, udongo unakuwa uji, na nje lipu inang'ara tu, hujui kitu. Halafu bafu linavuja taratibu kwenye vichwa vya boriti pale zinapoingia ukutani. Boriti ya mkoko ikiwa kavu itakuzika wewe na wanao, ila ikilowa kila siku inaoza kichwa. Juu yake mmeweka lita 1000, hiyo ni tani moja. Ikaja masika.

Sasa zege. Unaweza kuona vyumba vyote vya zamani ni vyembamba, karibu mita tatu hivi? Ni kwa sababu boriti haziendi zaidi ya hapo. Nyumba nzima imepimwa kwa urefu wa mti wa mkoko. Ukileta bamba la zege ukalilaza juu ya kuta hizo, umeleta uzito ambao hazikuubeba toka ziumbwe, na zege haichezi wakati ukuta wa mawe unacheza. Wanaotaka zege wanasimamisha nguzo zake zenyewe ndani, na nguzo zinataka msingi, na ukichimba msingi Kiponda unachimba chini ya ukuta wa jirani. Nyumba zenu zimeegemeana. Ukibomoa yako yote, ya jirani inabaki imesimama kwa mazoea tu. Hilo ndilo lingenikosesha usingizi mimi, kuliko Mamlaka.

Ushauri wangu wa leo, usingoje kesho: toeni mabati yanayoning'inia, egemezeni sakafu zilizobaki kwa magogo, funikeni kichwa cha ukuta uliokatika mvua isiingie. Mawe ya kifusi msiyatupe. Yapangeni uani, yatarudi ukutani yale yale. Nimeona watu wakilipa lori litoe mawe, mwezi wa pili wanalipa lori lingine lilete mawe.

Darajani_Mkavu

Mnaongea vizuri sana nyote, ila nani analipa? Fundi wa chokaa si wa bei ya fundi wa matofali, chokaa yenyewe inataka kulowekwa muda mrefu, boriti nzuri hazipatikani kama zamani kwa sababu mikoko nayo inalindwa. Mtu wa kawaida kapewa urithi wa dunia abebe mgongoni mwake. Wenye pesa wanajenga. Mambo Msiige pale Shangani, jumba la kale lililogeuzwa hoteli, Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza wasiwasi, na leo wageni wanalala na kuogelea. Mnamkazia mtoto wa marehemu wa Kiponda.

Mchora_Ramani

Darajani, hoja ya pesa ni kweli na sina jibu tamu. Watu wanaiacha nyumba ioze kwa makusudi wakingoja ianguke, kwa sababu kuitengeneza kunawashinda na kuiuza hawawezi. Lakini Mambo Msiige usiifanye kibali. Ni kwa sababu ya miradi kama ile ndiyo sasa mchoro wa hoteli unatazamwa kwa miwani miwili, na mkubwa unadaiwa tathmini ya athari kwa urithi. Mji wa Liverpool ulifutwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia 2021 kwa majengo mapya ya ufukweni mwake. Hakuna anayetaka Zanzibar ifuate.

Kwa mjukuu: wazo la maduka chini na vyumba vya wageni juu si baya hata kidogo. Nyumba nyingi za mji huo zilizaliwa na maduka chini. Punguza ghorofa, rudisha ukuta wa nyuma kwa mawe, bafu zote zipange upande mmoja, kwenye ghorofa ya chini kadiri inavyowezekana, tangi lishushwe uani na pampu. Huo mchoro nitakaa nao mbele ya mkaguzi bila kutoka jasho.

Mwamu_wa_Mkomani

Lamu tumeyapitia hayo. Mji wetu uliingia orodha 2001 na Makumbusho ya Taifa ya Kenya wana ofisi ya hifadhi mjini. Nyumba ya ami yangu iliporomoka nusu. Tulikubaliwa kubadilisha ndani, jiko na vyoo vya kisasa, sharti ukuta wa nje na daka la mlangoni virudi vilivyokuwa. Kilichotuchelewesha si ofisi, ni mawe: ndia zetu nyembamba, kila jiwe lilipanda punda. Wekeni hesabu ya kubeba mapema, Kiponda nako lori halifiki mlangoni.

Posta_Mpya

Nyie shukuruni mna mtu wa kuwakatalia. Dar Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja kilichojengwa kabla ya 1863. Mji wenyewe umeanza kukua baada ya hapo! Jengo la Mjerumani lisipotangazwa rasmi kwenye gazeti la serikali, unapita asubuhi lipo, ukirudi jioni ni uzio wa mabati.

Binti_Muttrah

Niko Muscat miaka mingi, niongee kuhusu kaka. Mwambie hapo hapo anapokaa nyumba haipakwi rangi anayoitaka mtu wala haipandi juu anavyotaka, baladia, yaani manispaa ya huko, wanaamua, na ndiyo sababu mji ule ni mweupe na mtulivu mpaka akaupenda. Asije nyumbani akadai uhuru ambao huko hana.

La pili, na hili hamjaligusa: hati ya nyumba ina jina la nani? Nyumba ni milki au wakfu? Mmeshagawana mirathi? Maana kama bado ni ya marehemu, kaka hawezi kutia saini mkataba wa miaka kumi na tano, na ombi la kibali hataliwasilisha peke yake pia. Nendeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwanza. Yule mtu mwenye pesa akijua hamjagawana, atamnunua mrithi mmoja mmoja.

Mjukuu_wa_Kiponda

Jamani. Nimemuuliza mama kuhusu hati. Kaitoa kwenye sanduku, ina jina la babu. Si la bibi, la babu, aliyefariki mimi sijazaliwa. Kwa hiyo mirathi ni mbili, na kumi na mmoja niliowahesabu huenda wakafika ishirini. Kuna ami yetu alihamia Dubai na wanawe hatujuani.

Nimeyatuma maneno yenu kwenye kundi la familia. Kaka kakaa kimya saa nzima. Halafu kauliza: kama nyumba haivunjiki, basi mlango ule unaweza kuuzwa kwa bei gani?

Fundi_Chokaa

Mlango haung'oki. Ni sehemu ya jengo, na wakaguzi wakija kitu cha kwanza watatazama ni fremu yake. Hata mkitaka kuutoa kwa muda usiharibiwe na kazi, ombeni kwa maandishi, upigwe picha, na ujulikane umewekwa wapi. Nimeona milango "iliyohifadhiwa" ikiwa meza za mikahawa.

Niko mjini Jumamosi, nitakuja na magogo. Picha piga leo, ndani na nje, na ukuta wa jirani pande zote kabla ya nyundo ya kwanza, asije akadai ufa wake wa miaka ishirini ni wenu.

Mjukuu_wa_Kiponda

Picha nimepiga, hamsini na kitu. Jirani kanishika mkono kuingia kwake, na kweli ufa upo, kauonesha mwenyewe kabla sijauliza. Jumatatu nakwenda Kamisheni, kisha Mamlaka kuuliza daraja la nyumba.

Fundi, Jumamosi anza na chumba cha mbele cha chini, nakuomba. Mama kahamia kulala humo toka jana usiku. Anasema anaulinda mlango.