Mrejesho: kabati la nguo, Kisumu

Asanteni kwa majibu. Nililouliza: ninunue kabati la chipubodi (ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi) lililo tayari, au nimpe fundi wa soko la Kibuye kazi ya mbao za saiprasi? Nimechagua saiprasi.

Kilichoamua ni unyevu wa huku karibu na ziwa. Chipubodi ikinyonya maji kwenye kingo zisizozibwa huvimba, skrubu za bawaba hulegea, mlango unaning'inia. Skrubu hizo hazikazwi tena vizuri. Saiprasi nayo ina lake: ikiwa mbichi hupinda, kwa hiyo mbao zimekauka kwanza, na milango ni fremu yenye plaiwudi katikati, si ubao mzima.

Kina cha ndani ni sentimita 58. Hanga ya kawaida ina upana wa kama 45, na chini ya 55 mikono ya koti hubanwa na mlango. Fimbo ya kutundikia ina urefu wa mita 1.2, na nimeomba nguzo katikati maana bila hiyo ingepinda kwa uzito. Upande wa magauni umeachiwa mita 1.5 kwenda chini. Mashati mita moja yanatosha, droo zikae chini yake.

Aliyeshauri kupima kabati kwa mshazari, pembe hadi pembe ya mkabala, pande zote mbili, kabla ya kupigilia plaiwudi ya nyuma, ubarikiwe sana! Vipimo viwili visipolingana, milango haifungi sawasawa kamwe.

Miguu ni sentimita 10, ili kupiga deki kusilowanishe mbao. Kutoka ukutani nimeacha sentimita 5, hewa ipite.

Sasa bado vanishi: ndani pia nipake, au harufu itaingia nguoni?