Leo nimeambiwa niinue mguu mbele ya wanafunzi

Mwalimu wa Mbugani (mtoa mada)

Wakuu, nimekaa chini ya mwembe nyuma ya madarasa, mikono bado inatetemeka, naandika kabla hasira haijapoa. Leo asubuhi mstarini, mbele ya watoto wote kuanzia awali mpaka la saba, nimeambiwa: "Mwalimu, inua mguu." Na nimeuinua.

Aliyesema mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule yule mkubwa wetu wa elimu, mwenye tai nyekundu ndefu ya kufungia ng'ombe, kikishuka kitambi kwenye gari unasubiri robo saa ndipo mwenyewe anafuata. Mlango wa gari lile ukifungwa tu, walimu wa kata nzima matumbo yanauma.

Mvua imenyesha tangu juzi. Mliofundisha huku kwenye mbuga mnalijua tope letu, jeusi, linanata, hatua tatu kila mguu umebeba kilo mbili, ya nne kiatu kinabaki nyuma wewe unaendelea. Boda akifika korongoni anakwambia "mwalimu, mimi naishia hapa", na hela yake anachukua yote. Kuanzia pale ni kwa miguu, kilomita moja na nusu. Kwa hiyo navaa yeboyebo, nakunja suruali, viatu vyangu vyeusi nimevifunga kwenye rambo pamoja na soksi. Shuleni kuna ndoo pale kwenye ngazi za ofisi. Nanawa, navaa viatu, naingia darasani niko safi. Tunafanya hivyo wote, mpaka mwalimu mkuu.

Leo nimekuta kengele imeshagongwa na mimi ndiye mwalimu wa zamu. Nikaona niwahi mstari, nitanawa baadaye. Tumeimba wimbo wa taifa, umeisha, kumbe jamaa yuko pembeni. Amekuja kwa barabara ya juu, ile ya moramu, viatu vinang'aa unaweza kunyolea ndevu. Nikamwamkia, hakuitikia. Akatazama chini. Kisha kwa sauti ya kusikika mpaka kijiji cha pili: "Mwalimu, hebu inua mguu watoto waone."

Watoto waone! Mguu wangu! Kama mbuzi mnadani anakaguliwa kwato!

Nilitaka kulifungua rambo nimwonyeshe viatu, fundo likagoma, vidole vinateleza kwa tope. Nikabaki nimesimama kwa mguu mmoja, rambo mkononi, tope linadondoka tone, tone. Mstari wa mbele kabisa kuna mtoto wa darasa la kwanza, yeye yuko peku. Aliutazama mguu wangu, halafu akautazama wa kwake, akaurudisha nyuma ya mwenzake aufiche.

Msiniambie habari za waraka. Waraka wa mavazi ya watumishi wa umma, Na. 3 wa 2007, umebandikwa nyuma ya mlango wa ofisi yetu, naujua kama Baba Yetu. Sipingi mwalimu kuvaa kwa staha, mimi mwenyewe wanafunzi nawarudisha wakachomekee. Shati langu nimelipiga pasi ya mkaa saa 10 alfajiri. Kuna aliyeliangalia shati? Miaka 11 kazini, na kilichoonekana ni mguu.

Angeniita ofisini. Angenisema hata saa nzima, ningeitika ndiyo mkuu, ndiyo mkuu. Lakini mstarini? "Inua mguu"?

Nimeingia la sita kufundisha desimali, watoto wote wanatazama miguu yangu, hakuna anayetazama ubao. Na sasa hivi ni mapumziko, nasikia wana mchezo mpya. Mmoja anasimama mbele anapaza sauti "Inua mguu!", wenzake wanasimama kwa mguu mmoja, anayeyumba anatoka. Zamu yangu inaisha Ijumaa. Kesho nasimama tena palepale.

Chaki Mkononi

Nimeshamjua kabla sijamaliza sentensi ya pili. Kwetu alikuja mwezi wa pili akampima mwalimu wa Kiingereza upana wa suruali kwa rula. Ile rula ya mbao ya ubaoni! Akasema miguu imebana, inchi zimepungua. Pole sana mwalimu mwenzangu.

Mtu wa Lami

Mtoa mada, swali moja tu. KWA NINI ULIINUA? Mtu mzima na vyeti vyako. Angesema ruka kichurachura ungeruka? Hahahaha nawaza tu ulivyoyumba na rambo lako.

Mwalimu wa Mbugani

Mkuu, watoto zaidi ya mia nne wananitazama, na kila siku mimi ndiye ninayewaambia watii wakubwa. Ningekataa pale pale, kesho nawaambia nini? Cheka tu, ila hukuwepo.

Bi Mkubwa wa Staff

Ninyi wanaume mguu tu mnalia. Mimi nikiwa na mimba ya miezi minane nilivaa dera, nikaambiwa dera ni nguo ya kulalia na ya vigodoro, nirudi nyumbani nikabadilishe. Nibadilishe nivae nini, tumbo limefika hapa? Sketi gani ingefunga? Aliyesema ni mwanamke mwenzangu, amezaa watoto wanne. Hilo sijamsamehe mpaka leo.

Mtu wa Lami

Lakini dada, dera na ubao haviendani kwa kweli. Kitenge kingefaa, unashona kipana.

Bi Mkubwa wa Staff

Kitenge unakinunua wewe? Na fundi unamlipa wewe? Usinichefue.

Mstaafu 77

Wanangu, nimeanza kazi enzi za UPE, ile elimu ya msingi kwa wote. Mwaka 1983, ule wa msako wa wahujumu uchumi, nguo ilikuwa haipatikani, tulikuwa tunapanga foleni duka la ushirika kusubiri kitambaa na kinaisha kabla hujafika dirishani. Nilifundisha na suruali yenye viraka viwili nyuma, kimoja cha bluu kimoja cha kijivu. Mkaguzi alikuja na baiskeli, na yeye shati lake kola imegeuzwa. Alikaa nyuma ya darasa, akakagua andalio la somo, akala mihogo na sisi, akaondoka. Hakuna aliyetazamwa miguu. Pole mwanangu, kesho simama hapo kifua mbele.

Mwalimu wa Mbugani

Asante mzee wangu, shikamoo. Umenipa nguvu. Ila ile sauti haitoki kichwani. "Watoto waone."

Jirani wa Namanga

Poleni ndugu zetu. Huku Kenya ni vilevile tu. Mwalimu wa JSS (sekondari ya chini) ambaye ni intern, yaani hajaajiriwa rasmi, analipwa elfu 20 za Kenya kwa mwezi, ikikatwakatwa anabaki na kama elfu 17, halafu anaambiwa avae suti na tai kila siku. Suti ya elfu 17? Akishainunua atakula tai?

Chaki Mkononi

Tai yenyewe kwa joto letu huku ni adhabu. Darasa lina watoto 120, feni hakuna, kipindi cha saa saba mchana. Kufika dakika ya kumi shati limeloa mgongo mzima. Mimi nilihamia kaunda suti, inafunika mambo yote na haihitaji tai.

Mtu wa Lami

Kaunda suti nzuri ila fundi akikosea mabega unafanana na konda wa mabasi ya zamani.

Buti la Bure

Hapa ndipo ninapouliza kila siku. Askari anapewa sare. Mwanajeshi anapewa mpaka buti. Mwalimu anapewa waraka! Wakitaka tuvae wanavyotaka, walete nguo.

Chaki Mkononi

Nguo tunaletewa mbona, fulana ya Mei Mosi! Mwaka mzima chama cha walimu kinakata asilimia 2 ya mshahara, unaishia kupata fulana na kofia, ukifua mara moja inafika kitovuni.

Bi Mkubwa wa Staff

Na saizi! Mimi wananipa M kila mwaka. M! Wameniona?

Buti la Bure

Wewe umepata. Shule yetu tuko 14, zimekuja fulana sita. Tulipiga kura. Mwalimu mkuu hakupiga kura na alipata.

Mtu wa Lami

Hahahaha, huyo mwalimu mkuu namjua.

Mwalimu wa Mbugani

Jamani, turudi kwenye mada. Kesho asubuhi nasimama mbele ya wale watoto. Nifanye nini wakianza ule mchezo?

Buti la Bure

Halafu ya mwaka jana ilikuwa na maandishi mgongoni yamebanduka siku hiyo hiyo kwenye maandamano, kwa jasho tu.

Jirani wa Namanga

Ninyi mnapewa fulana? Sisi tunazinunua.

Chaki Mkononi

Bi Mkubwa, mimi nilipewa XXL mbili kwa makosa, hazijaguswa, ziko kwenye mfuko wake. Una hiyo M bado? Mke wangu inamtosha.

Bi Mkubwa wa Staff

Ipo, mpya kabisa. Uko wapi?

Chaki Mkononi

Kahama. Njoo PM.