Stempu za Mfalme George wa Sita: nizitofautisheje?

Swali: Nimefungua albamu yangu ya utotoni hapa Kizingo, nikakuta stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika zenye sura ya mfalme huyo, zinazofanana kabisa. Je, ni aina moja?

Jibu: Si lazima, ndugu yangu. Toleo hilo la 1938 lilichapwa tena na tena hadi miaka ya 1950, na stempu za thamani ileile zikatobolewa matundu ya kingoni kwa vipimo mbalimbali. Kwa hiyo hesabu matundu hayo yaliyomo katika milimita 20, ukipima upande wa juu na wa ubavuni, maana huenda yakahitilafiana.

Jibu: Rangi nazo zilibadilika: senti 5 ilikuwa nyeusi na kijani, kisha ikawa ya hudhurungi na chungwa. Zilizogandishwa na unyevu wa pwani, tafadhali, usizibandue kwa kucha.